Plasta Ingoje, Funga Paa Kwanza

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Likoni, msomaji wangu wa muda mrefu. Ameniandikia hivi: "Dada, kila mwaka unatuhimiza tujiandae na upepo, lakini Mombasa vimbunga havifiki. Mimi nina pesa kidogo za plasta. Kwa nini nizipeleke kwenye paa, mahali ambapo hata mgeni hatazami?"

Nilimjibu kwa kifupi, kisha nikaona haitoshi. Swali hilo niliwahi kuulizwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, tena kwa maneno makali kuliko hayo, na sijayasahau.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu vimbunga. Mombasa iko karibu na Ikweta, kama nyuzi 4 hivi kusini. Kimbunga huanza kuzunguka kwa nguvu inayotokana na dunia kujizungusha, na karibu na Ikweta nguvu hiyo ni hafifu. Ndiyo maana msimu wa vimbunga katika bahari yetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, huwatesa zaidi watu wa Madagaska, Morisi na Msumbiji. Machi 2019 Idai iliipiga Beira, na mwezi uliofuata Kenneth ikaingia Cabo Delgado. Lakini bahari ni hii hii moja. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikaongoza kwa karafuu. Aprili 1952 kingine kikaingia Lindi. Na Mei 2024, watu wakijua msimu umekwisha, Hidaya ikaja hadi Mafia, na huku kwetu watu wakakatazwa kuogelea na wavuvi wakaambiwa waache vyombo ufuoni. Kutoka Mafia hadi hapa si mbali, jamani.

Tuseme hakiji kabisa. Masika yetu yenyewe je? Kusi likishaanza, mvua ya mwezi wa tano, ambao ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa, huja na upepo wa ghafla unaopiga muda mfupi tu ukaacha mtaa hauna mabati. Bati halijui kama upepo huo umepewa jina na watabiri au haukupewa.

Watu wengi hudhani upepo hulisukuma paa mpaka likaanguka. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na mvuto huo huwa mkali zaidi pembeni na upenuni. Dirisha likiwa wazi upande unaotoka upepo, hewa nayo huingia ndani ikasukuma kutoka chini. Basi paa linavutwa juu na kusukumwa kutoka chini kwa wakati mmoja, na kinachozuia ni msumari. Nao msumari wa pwani unaliwa na chumvi usiku na mchana.

Nyumba yangu iko Kisauni, upande wa Mtopanga. Nimeijenga kwa pesa za mahamri na viazi karai, na kwa zamu za chama, chumba baada ya chumba. Miaka ya ujenzi sitaisimulia. Aliyejenga anaijua, na asiyejenga itamchosha. Nitasema tu kwamba nilihamia nikiamini paa langu ni zima, kwa sababu nilimlipa fundi kwa ukamilifu na halikuwa likivuja.

Mwaka ule zamu yangu ya chama iliangukia mwezi wa Rajab, kaskazi bado inavuma, jua kali. Wifi yangu alikuwa anaolewa baada ya Idd, na nyumba yangu ndiyo iliyokuwa imechaguliwa kupokea wageni wa upande wa wanawake. Kila mtu alijua nina pesa, na kila mtu alikuwa ameshazipangia kazi: rangi, dari ya jipsamu sebuleni, mapazia. Hata mimi niliyataka. Mwanamke gani hapendi nyumba yake isifiwe siku ya harusi?

Kabla ya kuita mtu wa jipsamu nikaona kwanza paa litazamwe, dari isije ikaharibiwa na maji. Nikamwita mzee mmoja wa Majengo, seremala aliyeezeka nyumba za makuti tangu ujana wake kabla ya kuingia kwenye mabati. Akapanda ngazi, akakaa huko juu muda mrefu, akashuka amefumba kiganja. Akakifungua mbele yangu. Msumari.

"Bibie, huu nimeung'oa kwa vidole."

Niliuchukua. Kofia ilikuwa imeliwa nusu, shingo imekuwa nyembamba, na ule mpira wa chini ya kofia umekauka ukapasuka. Kutu yake ilibaki kwenye mistari ya kiganja changu, vumbi jekundu, hata baada ya kunawa. Mzee akanambia ubao ulikotoka msumari huo umelainika, unachimbika kwa ukucha.

Halafu akanionyesha jambo kubwa zaidi. Makombamoyo, zile mbao zinazobeba paa, yalikuwa yamelazwa juu ya mtambaapanya, ule ubao unaolala juu ya ukuta, yakapigwa msumari mmoja mmoja, na mtambaapanya wenyewe haukufungwa na ukuta kwa kitu chochote. Paa zima lilikuwa limekaa kwa uzito wake tu. Kazi hiyo nilikuwa nimeilipia. Fundi wa kwanza alikula pesa yangu akanipa picha ya paa, na mpaka leo tukikutana Kongowea ananisalimu kwa bashasha.

Pesa ya jipsamu ikapanda juu ya paa. Mzee alitoboa linta, ile zege inayopita juu ya milango na madirisha, kwa drili, akaingiza boliti, akafunga mikanda ya chuma kutoka ukutani, ikazunguka mtambaapanya na kila kombamoyo. Mbao zilizooza akazibadilisha. Misumari ya kutu akaing'oa na mahali pake akatia skrubu zenye mpira, kwenye mgongo wa bati na si bondeni, na pembeni na upenuni akazikaribisha zaidi kuliko katikati. Paa la baraza akalitenga na paa kubwa, kila moja likasimama kwa mbao zake. Nikamuuliza kwa nini anaharibu kitu kilichoungana vizuri. Akasema baraza ndilo linaloondoka kwanza, na likiwa limeungana na nyumba litaondoka na nyumba.

Shemeji yangu alikuja siku ya mwisho ya kazi, na watu wa posa wakiwa wamekaa ukumbini. Akatazama juu akacheka. "Shemeji ameifunga nyumba kama mbuzi wa Idd, anaogopa itatoroka." Wakacheka wote. Mume wangu alitazama chini. Mavyaa wangu, ambaye nampenda na nitamheshimu mpaka mwisho, akanambia kwa upole, "Mwanangu, nyumba ya harusi haipambwi darini." Kuta zangu zilikuwa za saruji tupu. Wakahamisha shughuli yote kwa shemeji, ambako kulikuwa na rangi mpya na baraza kubwa. Na mapazia niliyoshona mwenyewe yakaenda kutundikwa huko.

Niliumia, na sitajifanya sikuumia.

Masika yakaingia. Usiku mmoja, baada ya Isha, mvua ilikuwa ya kawaida kisha ikanyamaza, na upepo ukaja kutoka kusini kwa mara moja. Stima ikaondoka. Nikafunga madirisha ya upande wa kusini, nikawakusanya watoto chumba cha kati ambacho hakina dirisha kubwa, nikawakalisha mbali na kabati la vioo. Bati lililia. Kila kombamoyo niliyoijua kwa mahali pake ilitoa sauti, na hakuna iliyoondoka. Upepo ulipotulia tukasikia mlango unapigwa. Shemeji, mkewe na watoto, wamelowa mpaka mifupani, mtoto mdogo amefungwa ndani ya kitambaa cha meza. Baraza lao kubwa lilikuwa limeondoka, na kwa kuwa lilikuwa limeungana na paa, mabati ya ukumbi yakafuata. Yalikutwa asubuhi uani kwa jirani, pamoja na yale mawe waliyokuwa wameyaweka juu ili kuyazuia.

Niliwapa kanga kavu na chai ya tangawizi, wakalala kwangu mpaka walipoezeka upya. Hilo ni wajibu wangu na silihesabu. Lakini asubuhi ile, majirani walipokuja kutoa pole, shemeji alisema, "Mungu ameinusuru nyumba ya kaka yangu." Nyumba ya kaka yake! Ni kweli Mungu ndiye aliyetunusuru, na nilimshukuru usiku ule ule. Lakini yule Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa kutegemea tawakali aliambiwa na Mtume nini? Amfunge, kisha atawakali. Kamba ilifungwa, na aliyeilipia ni mimi, kwa pesa ya mahamri.

Kwa hiyo, akina dada mnaojenga, na najua mko wengi kwa sababu mnaniandikia, msikubali macho ya wageni yawapangie pesa zenu. Rangi husifiwa siku moja. Mtu akikucheka leo kwa kutengeneza kisichoonekana, mwache acheke, endelea na kazi. Ndoto ya kila mmoja wetu ni kulala chini ya paa letu wenyewe. Sasa mbona tunajenga kila kitu kwa makini, tukifika kwenye paa tunamwachia fundi wa bei rahisi bila hata kupanda ngazi kuangalia?

Maandalizi yafanywe wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mbao zikiwa kavu na mafundi wakiwa na nafasi. Ukingoja Aprili utapata fundi aliyechoka na mbao mbichi. Mwambie apande, ajaribu misumari ya pembeni na upenuni kwanza. Bati lililotoboka kutu libadilishwe. Ukinunua jipya, kumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30, usidanganywe na ukubwa wa namba. Mawe, matairi na matofali yaliyo juu ya paa yashushwe, maana upepo ukiling'oa bati, jiwe hilo linamwangukia mtu. Tangi la maji lililo juu lijazwe siku upepo unapotangazwa, kwa kuwa tangi tupu huruka. Dishi lifungwe vizuri au lishushwe. Na mikanda, mikanda, mikanda: hakuna kitu kitakachofaa ikiwa paa halijashikana na ukuta.

Minazi iliyo karibu na nyumba mwite mkwezi aangushe nazi na makuti makavu. Mwembe wangu niliupunguza matawi ya upande wa nyumba kabla haujachanua. Matawi yake yangekuwa yameingia jikoni usiku ule.

Maji nayo ni nusu ya kazi, ingawa moyo wangu uko kwenye paa. Novemba 2023 sote tuliona jinsi barabara zilivyogeuka mito hapa mjini, na ile ilikuwa vuli. Safisha gata, majani ya mwarobaini huziba kimya kimya. Angalia mtaro wa mbele ya nyumba unakwenda wapi, na kama jirani ameuziba kwa takataka, zungumza naye sasa, mkiwa bado mnaelewana. Wenye visima, na huku Kisauni ni wengi, inua mdomo wa kisima juu ya usawa wa maji ya mvua na ukifunike. Karo linyonywe kabla ya masika, kwa sababu maji yakipanda, kilicho ndani ya karo kinakwenda kisimani, na kipindupindu huanzia hapo. Maji ya kisima yakibadilika rangi, chemsha au tia dawa. Vyeti, vitambulisho na hati weka ndani ya plastiki mbili, mahali unapoweza kuvinyakua gizani. Maji yakianza kuingia ndani, zima stima kwenye swichi kuu kabla hujakanyaga maji.

Kuna wanaoniambia, "Mimi nyumba ni yangu lakini ardhi si yangu, kwa nini nitie gharama?" Nyumba bila ardhi ni kilio cha kale hapa Mombasa, na sina dawa yake. Lakini aliyelala ndani ni mwanao, si mwenye kiwanja. Na mikanda niliyoitaja hufungwa kwa boliti na skrubu, siku ukiambiwa uondoke utaifungua uende nayo pamoja na mabati yako. Mpangaji naye akae na mwenye nyumba mapema, ampandishe juu amwonyeshe hali ya paa kwa macho yake. Wapangaji mkienda pamoja ni vigumu kukataliwa.

Dada wa Likoni, plasta ingoje. Kama pesa ni kidogo, anza na pembe nne za paa, kisha upenu wa upande wa kusini, kisha baraza. Yatakayobaki yafanye msimu ujao. Fundi akikwambia paa lako ni zima, na yeye bado amesimama chini, mlipe nauli yake aende, umtafute mwingine.