Msipime makofi ya siku ya mwisho

Swali la wiki lilikuwa: tutajuaje kama darasa la wajawazito linawasaidia kweli wazazi watarajiwa? Fomu ya maoni ya siku ya mwisho haitawaambia. Inapima jinsi mkunga alivyopendwa tu, na mkunga mchangamfu atasifiwa hata kama nusu ya darasa haijui dalili za hatari.

Siku ya kwanza, kabla ya somo, muulize kila mmoja peke yake: "Ni mambo gani yakitokea utakwenda hospitali bila kungoja?" Usimsomee orodha, kwani ataitikia kila kitu. Hesabu dalili anazotaja mwenyewe: kutoka damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, degedege, homa, maji kuvuja, mtoto kupunguza kucheza. Rudia swali hilohilo mwishoni. Baba naye aulizwe kando, maana wakiwa pamoja mama humjibia.

Kisha mpe mama mdoli aonyeshe kunyonyesha. Mdomo uwe wazi kabisa, kidevu kiguse ziwa, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie mdomoni. Wapo wanaoeleza vizuri lakini mikono yao inaingiza chuchu tupu. Hao watapata michubuko, na maumivu hayo huwafanya wengi waache kunyonyesha mapema.

Kipimo chenye uzito zaidi ni wiki ya 6 baada ya kujifungua. Je, mtoto alinyonya ndani ya saa ya kwanza? Amepewa chochote zaidi ya maziwa ya mama? Dalili ya hatari ilipotokea, zilipita saa ngapi kabla ya kwenda hospitali? Watafuteni pia walioacha darasa katikati, maana huenda hao ndio ambao darasa halikuwafaa.

Mtego mkubwa ni kulinganisha waliohudhuria na wasiohudhuria. Wanaokuja mara nyingi wana nafasi na wenzi wanaowaunga mkono, hivyo wangefanya vizuri hata bila darasa. Kwa kuwa mimba haingoji na huwezi kumwambia mama asubiri zamu yake, wagawanyeni kwa bahati nasibu kati ya aina mbili za darasa: mhadhara wa watu wengi, na kikundi kidogo cha mazoezi. Mwaka 2007 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio 9 ya namna hii na bado faida za jumla hazikubainika, kwa hiyo msione aibu matokeo yenu yakiwa madogo.

Kiwango cha kujifungua kwa upasuaji msikitumie kulihukumu darasa, kwani hutegemea zaidi taratibu za hospitali na uamuzi wa daktari. Muulizeni mama kama alielewa sababu ya kupasuliwa, na kama alipata nafasi ya kuuliza.