Shangazi, kaka anataka kufungua umeme kwa jina langu

"Shikamoo Shangazi. Mimi binti wa miaka 27, natokea Mombasa, niko hapa Dallas mwezi wa nane sasa, nilipata grini kadi ya bahati nasibu. Nakaa kwa kaka yangu, mtoto wa mjomba, yeye na wifi ndio walionipokea eapoti na hawajanidai kodi hata senti. Nafanya kazi nyumba ya wazee. Mwezi uliopita nilienda kutafuta apatimenti yangu nikakataliwa ati sina krediti, yaani rekodi ya kukopa na kulipa, nikamwambia yule dada nina dola elfu tatu taslimu na sijawahi kukopa maishani mwangu, akaniangalia kama nimemwambia nimetoroka jela. Sasa kaka anahama, kampuni ya umeme inamtaka dipoziti kubwa kwa sababu ana madeni ya zamani. Ameniomba namba yangu ya Soshali afungue umeme na laini nne za simu kwa jina langu, yeye atalipa, na mimi ati itanijengea krediti. Marehemu baba alinilea nikijua deni ni aibu, na riba naiogopa. Nikikataa nitaonekana sina shukrani. Nifanyeje? Binti wa Kisauni."

Marahaba mwanangu. Nianze na jibu kabisa, maelezo yatafuata: hiyo namba ya Soshali, ambayo serikali ya Marekani inakutambua nayo, usimpe. Sasa kaa tuongee, maana najua hapo ulipo tumbo limeshaanza kukuvuruga unawaza utamtazama vipi usoni.

Kwanza nikwambie, kaka yako huenda hana nia mbaya kabisa. Wengi wetu huku tunaamini bili yoyote ukiilipa inakuhesabia, na mie niliamini hivyo miaka. Siyo. Hapa Marekani kuna makampuni matatu yanayoweka faili za watu, nani alikopa na alilipaje, Equifax, Experian na TransUnion, na kampuni za umeme na simu kwa kawaida hazipeleki habari huko kwamba umelipa vizuri. Lipa miaka mitano bila kuchelewa, kimya. Lakini acha bili moja ilale, iuzwe kwa wakusanya madeni, hao sasa wana mdomo, wataandika na itakaa kwenye faili lako miaka 7. Kwa hiyo hiyo biashara ya "sote tunafaidi" haipo mwanangu, umeme wake ukilipwa wewe hupati kitu, usipolipwa wewe ndiye mdaiwa. Na zile laini nne naziogopa kuliko umeme, kwa sababu watu hawachukui laini tupu, wanachukua na simu mpya za kulipa kidogo kidogo kila mwezi, simu nne za maana hapo unazungumzia dola elfu tatu, elfu nne, kwa jina la mtu ambaye hata apatimenti hajapata.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii mpaka siku ya kilio. Mtu akitumia namba yako bila wewe kujua huo ni wizi, sheria iko upande wako, unaripoti serikalini na deni linaweza kufutwa. Wewe ukimpa kwa mkono wako ukisema kaka tumia, si wizi tena, ni deni lako. Na hata ungetaka kusema aliiba, itabidi umripoti yeye kwa jina. Utamripoti? Mtoto wa mjomba? Utaandika kwenye fomu kwamba aliyekulaza nyumbani kwake miezi minane ni mwizi, halafu uende Idi kwao? Huwezi, na mie pia nisingeweza, ndiyo maana nakwambia mlango huo usiufungue mwanzo.

Lakini kukataa tupu pia sikubaliani nako. Mtu kakuweka nyumbani kwake miezi minane bure, wajua kodi ya Dallas wewe, hilo ni deni la heshima na ulipe, ila ulipe kwa pesa, si kwa jina. Una elfu tatu. Muulize dipoziti ya umeme ni ngapi, umwambie "kaka, namba yangu siwezi kuitoa kwa mtu yeyote, hata mama angeiomba ningemwambia hivi hivi, lakini dipoziti nachangia mimi", na umpe kama zawadi, usiite mkopo, usije ukaanza kuhesabu siku. Halafu Texas kuna umeme wa kulipia kabla, unaweka pesa unatumia, kama tokeni zetu za KPLC, mara nyingi hawaulizi krediti wala hawataki dipoziti kubwa. Simu pia za kulipia kabla zimejaa. Kwa hiyo hatalala gizani kwa sababu yako. Na umwambie mwenyewe, usimtume wifi, maana maneno yakipita kwa wifi yatafika na chumvi na pilipili hata kama yeye ni mtu mzuri.

Kama namba ameshaipiga picha, hujasema lakini nauliza, ingia AnnualCreditReport.com uangalie faili zako zote tatu, ni bure, na ukiona wasiwasi unaweza kuzifunga hizo faili mtu asifungue kitu kipya kwa jina lako. Tangu 2018 kufunga na kufungua ni bure kisheria. Unafunga kila kampuni peke yake, na ukitaka kuomba kadi yako unafungua kwanza.

Sasa tuje kwako. Baba yako Mungu amrehemu alikulea vizuri, kukopa harusi kulipa matanga, hakuna mzee wa pwani asiyelisema hilo. Tatizo ni kwamba mashine ya huku haipimi kama una pesa, haijui akiba yako, haijui mshahara, inauliza swali moja tu: huyu akipewa cha mtu, anarudisha kwa wakati? Na wewe hujawahi kupewa, kwa hiyo haina jibu, ndiyo ile sura ya yule dada ofisini. Kwetu Kenya tukisikia CRB, ofisi za kumbukumbu za mikopo, tunajua ni mahali pa kuorodheshwa wakosaji, kutokuwemo ndiyo sifa. Huku kutokuwemo ndiyo kasoro. Ifikirie kama Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa, mtu ambaye hajawahi kuigusa limiti yake ni ndogo au hana, anayechukua mia mbili na kurudisha inapanda pole pole, hakuna aliyemuuliza ana shamba ngapi.

Cha kufanya ni kidogo kuliko unavyoogopa. Nenda benki unayopokelea mshahara, au krediti yunioni, zile ni kama SACCO zetu na huwa zina moyo kidogo, uombe kadi ya krediti ya dhamana. Unaweka dola 200 zako, wanakupa kadi ya limiti 200, zile zako zinakaa pembeni kama amana na unarudishiwa ukifunga au wakikupandisha daraja. Omba moja tu, usizunguke kuomba tano, kila ombi linaacha alama kwenye faili miaka 2. Kabla hujasaini uliza kama wanaripoti kwa makampuni yote matatu, wakisema hapana ondoka, utakuwa umewakopesha benki dola 200 bure.

Halafu hiyo kadi usiifanye kadi ya kununulia. Weka kitu kimoja tu kinachojirudia, labda petroli ya dola 20, basi. Kati ya vitu wanavyopima kwenye alama za FICO, zile wakopeshaji wengi wanazokupimia, ambazo zinaanzia 300 mpaka 850, kulipa kwa wakati ni asilimia 35 na kiasi unachodaiwa ni 30, kwenye kiasi wanaangalia sana umetumia sehemu gani ya limiti yako, kwa hiyo kwenye limiti ya 200 ukionekana una deni la 190 unaonekana unahema, hata kama ulilipa lote kesho yake, kwa sababu wanaripoti siku statimenti, ile bili ya kadi ya kila mwezi, inapotoka. Bakia chini ya 60, chini ya 20 ni bora zaidi. Alama za FICO za kwanza zinataka kadi iwe na miezi 6, kwa hiyo zile programu za simu zikikuonyesha namba mwezi wa pili usirukeruke, mara nyingi ni alama za aina nyingine.

Riba. Hili nimeulizwa na mabinti wa pwani wengi na nawaheshimu kwa kuuliza. Mie si sheikh, suala la mkataba wenyewe una kipengele cha riba hata kama hutailipa, muulize unayemwamini kwenye dini, wanavyuoni hawasemi kitu kimoja. Ninachojua ni upande wa hesabu: statimenti ikitoka, ukalipa yote iliyoandikwa kabla ya tarehe ya mwisho, riba kwenye manunuzi ni sifuri, kila mwezi sifuri. Kuna watu watakwambia acha deni kidogo libaki ili krediti ikue, huo ni uongo mtupu, umezunguka mpaka kwenye misikiti na makanisa yetu, deni linalobaki linakuza benki tu. Na ile "malipo ya chini kabisa" dola 25 wanayoiandika kwa herufi za kuvutia, hiyo ndiyo shimo lenyewe.

Weka malipo ya otomatiki siku ile ile unayofungua kadi. Nakwambia kwa uchungu. Mie nilikuwa na kadi yangu miaka mitatu nalipa kwa mkono kila mwezi, najiona mjanja, baba akafariki Lamu nikaruka usiku ule ule, nani anakumbuka bili. Nikakaa matanga, nikakaa mpaka arobaini, narudi nakuta dola 43 zimepitiliza siku 30. Dola 43! Nikawapigia nikalia, mtu wa simu akasema pole sana mama, na alama ikabaki miaka 7, nimenunua gari nayo, nikalipia ule msiba mara ya pili.

Njia nyingine ni mtu mwenye krediti nzuri kukuongeza kwenye kadi yake kama mtumiaji, historia yake inakuingia bila hata wewe kushika kadi. Lakini si kaka yako huyu, madeni yake yatakuja nayo. Labda yule bosi wa kazini au rafiki wa siku nyingi, na usilazimishe mtu, ni yeye anayebeba mzigo. Na akitokea mtu wa WhatsApp anakuuzia "namba mpya ya krediti" kwa dola 600 safi kama mtoto mchanga, huyo anakupeleka polisi, mfungie.

Apatimenti usingoje. Majumba makubwa yenye ofisi yanaenda na mashine, tafuta mwenye nyumba mmoja mmoja, anayepangisha juu ya gereji au nyumba ya nyuma, mpelekee karatasi za mshahara za miezi mitatu, barua ya kazini, na useme unaweza kutanguliza miezi miwili, wapo wanaokubali, ila pesa usitoe kabla hujaiona nyumba kwa macho na kusaini. Zile elfu tatu toa ya kaka, toa 200 za kadi, inayobaki ndiyo ya kuanzia. Ikibidi ukae kwake miezi sita zaidi basi kaa, lakini anza kutoa kitu cha kodi hata asipodai, utaona hata kukataa kwako kutamezeka vizuri.

Uniandikie mwezi wa saba tangu ufungue kadi, ukishaona alama zako za kwanza, na uniambie wifi alisemaje, maana hilo ndilo linaloniweka macho. Na ile kadi ya Soshali, itoe kwenye pochi leo.