Tiba ya jeni ya selimundu hairekebishi jeni yenye kasoro
Je, tiba ya jeni ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, hurekebisha jeni inayousababisha? Hapana, Casgevy, tiba ya jeni iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, haiigusi kabisa jeni yenye kasoro ya selimundu. Seli shina za damu za mgonjwa hutolewa mwilini, kisha mkasi wa kimolekuli uitwao CRISPR hukata sehemu inayoiwasha jeni nyingine, BCL11A, ambayo kazi yake ni kuzima himoglobini ya kijusi, yaani protini ya kubeba oksijeni ambayo mtoto huwa nayo akiwa tumboni, baada ya mtoto kuzaliwa. Jeni hiyo ikidhoofishwa, himoglobini ya kijusi hurejea na kuzuia chembe nyekundu zisijikunje kama mundu. Msingi wake ni utafiti wa mwaka 2008 ulioonyesha kwamba BCL11A ndiyo huikandamiza himoglobini hiyo, ingawa madaktari walikwishaona miongo mingi kabla, na kwa maoni yangu hapo ndipo palipo na uzuri wa kisa hiki, kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaugui katika miezi ya mwanzo, wakiwa bado na himoglobini hiyo. Hata hivyo, kwa kuwa mbegu za uzazi hazibadilishwi, aliyetibiwa bado humrithisha mtoto jeni ya selimundu, na dawa kali inayotumika kuusafisha uloto wa mifupa, unakotengenezwa damu, kabla ya kurudishiwa seli zake inaweza kuathiri uwezo wa kuzaa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2.