Kabla hujaifungua giaboksi, isikize kwanza

Vijana mnaoanza kazi ya giaboksi na transfa (lile boksi la nyuma yake linalogawa nguvu tairi za mbele na za nyuma), haswa nyinyi wa gereji za Changamwe na Miritini ambako malori hayaishi, nawaomba msikimbilie spana. Nimeona giaboksi ngapi zimeshushwa, zikatiwa beringi mpya, zikapandishwa, na kelele iko palepale.

Anza na sikio. Injini iwake, gia iwe nyutro. Ukisikia mvumo halafu ukikanyaga klachi unanyamaza, basi shuku beringi ya inputi shafti, ile inayoingiza nguvu ya injini, ama za kauntashafti, ile shafti ya pili inayobeba gia. Kelele ikija pale unapokanyaga klachi, hiyo ni relizi beringi, ile inayosukuma klachi, giaboksi utaishusha ndio lakini huna haja ya kuifungua. Halafu liendeshe gari, panda nalo kilima cha Mazeras likiwa na mzigo, sikiza gia moja moja. Kwenye giaboksi kama H55F ya zile Land Cruiser 75 za zamani gia ya nne ni dairekti, nguvu inapita moja kwa moja bila kuielemea kauntashafti, kwa hivyo kama inalia gia zote isipokuwa nne ushajua pa kuanzia kutafuta.

Sasa oili. Fungua plagi ya kujazia kwanza, ndio ufungue ya kumwagia. Usigeuze hilo! Ukimwaga kwanza halafu ya juu ikawa imeshika kutu, na chumvi yetu hii ya pwani zashika kwelikweli, utabaki na gari halina oili na huna pa kuitilia. Oili ikitoka ipake kidoleni juani. Unga unaong'aa rangi ya dhahabu ni sinkro zinakwisha, zile pete za shaba zinazofanya gia iingie laini, vipande vya chuma ni meno ya gia ama beringi, ule uji mweusi mwepesi kwenye sumaku ya plagi usikutishe. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi sio sili mbovu, ni kile kipumulio cha juu, kitundu cha giaboksi kupumulia hewa. Gari limetoka safari, kesi (ganda la giaboksi) ni ya moto, likaingia mtoni, hewa ya ndani ikapoa ghafla ikavuta maji kupitia popote palipo na upenyo. Na kikiziba, joto linasukuma oili nje kwenye sili, wewe wabadilisha sili kila mwezi na kosa liko juu huko.

Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kutengeneza giaboksi ya pikapu moja iliyokuwa ikibeba mahindi toka Kinango, nikatia beringi zote, nikaisifu mwenyewe, miezi mitatu ikarudi inalia. Nikaifungua, kauntashafti imeungua bluu. Oili hakuna na chini hakuna hata tone la kuvuja. Ilinichukua siku nzima kufikiria kufungua plagi ya kujazia ya transfa, nayo ilivyofunguka oili ikamwagika mpaka kwenye kiwiko changu. Kumbe sili iliyo kati ya giaboksi na transfa ilikwisha, oili inahama kidogo kidogo, huku kunakauka kule kunafurika. Mwenye gari alilipa mara mbili kwa kitu ambacho ningekiona mara ya kwanza kama ningepima pande zote mbili. Na ukishafika hapo angalia meno ya shafti inayoingia kwenye transfa, yakiliwa gari linagonga "ko!" kila ukiachia mafuta na kukanyaga tena, watu watakwambia ni krosi za propela, vile viungo vya shafti ndefu ya chini ya gari.

Kufungua kwenyewe mtajifunza kwa mikono. Ila piga picha kila hatua, tia alama habu na slivu (ile pete inayoteleza juu ya habu kuingiza gia) zimekaa upande gani, na ukivuta shafti za kuchagulia gia ziba tundu kwa kidole maana vile vigololi na springi vinaruka, na gereji zetu chini ni mchanga. Pini ndogo ya kufungia ikikosekana gari linaweza kuingia gia mbili pamoja na kujifunga. Sinkro usizihukumu kwa macho, ikandamize kwenye koni yake, zungusha, ishike, kisha pima nafasi kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, ulinganishe na kitabu. Beringi mpya iache kwenye karatasi yake mpaka dakika ya kuivisha, hewa yetu usiku mmoja yatosha kuipaka kutu. Na oili ya daraja la GL-5 usiitie kwenye giaboksi iliyoandikiwa GL-4, nyingi zake zinaila shaba ya sinkro.

Wengine wataleta gari forwili (tairi zote nne kuvuta) imekataa kutoka, wakidhani transfa imevunjika. Uliza kwanza, uliiendesha kwenye lami? Zile zisizo na difu ya kati, ya kuruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, zinajikaza, rudi nyuma mita chache liko sawa, halafu kagua kama tairi za mbele na nyuma zimelika sawasawa.

Siku hizi nikimkabidhi mtu gari namwambia arudi baada ya wiki moja. Nafungua plagi mbili tu, ya giaboksi na ya transfa, natia kidole. Sichukui pesa kwa hilo.