Re: Maji ya bwawa la majivu ya makaa yana pH 8, ni salama?

Mkuu, umeuliza kama maji yanayovuja kutoka bwawa la majivu yanafaa kwa kuwa ni maangavu na pH (kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali) ni 8. Hapana. Asidi huyeyusha zaidi metali kama kadmi, nikeli na zinki, lakini arseniki na seleni, sumu nyingine za majivu, husafiri vizuri tu kwenye maji ya alkali: zina chaji hasi, hazing'ang'anii udongo.

Angalia Belews Lake, ziwa la North Carolina, Marekani, lililopokea maji ya majivu kutoka kituo cha umeme cha makaa miaka ya 1970. Seleni ilikuwa kama mikrogramu 10 kwa lita, chini ya kikomo cha sasa cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha 40 kwa maji ya kunywa. Hata hivyo ilijilimbikiza kwenye chakula cha samaki, na aina 19 kati ya 20 za samaki zikatoweka.

Chukua sampuli za maji upande yanakotoka kabla ya bwawa, upande yanakoelekea baada ya bwawa, na kisimani. Chuja palepale kwa chujio la mikromita 0.45, ndipo utie asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukianza na asidi, inayeyusha chembe za tope na kipimo kinapanda kwa uongo. Omba maabara ipime boroni na salfeti pia. Mara nyingi ndizo hutangulia kufika kisimani.

Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua, sumu inabaki sufuriani.