Kwa Nini Tivii Inaonyesha Timu Zilezile? Na Maswali Mengine Mawili ya Wasomaji

Wiki hizi barua za mpira zimenijaa mezani, na tatu kati yake zinazunguka jambo moja, yaani nani anaonyeshwa laivu na nani anaachwa, kwa hiyo nimezijibu pamoja. Niseme mapema mimi ni wa Express ya Kampala, ile tunayoiita Mukwano Gwa Bangi, msije mkagundua baadaye mkasema nilijificha.

SWALI: Mzee wa safu, jambo sana. Sisi huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, tunapenda mpira, si mchezo. Timu yetu ya Arua, Onduparaka, ilipopanda ligi kuu ya Uganda 2016 tulikuwa tunajaza uwanja wa Green Light mpaka pa kusimama hakuna, lakini kwa tivii tulikuwa tunajiona mara moja moja, tena wakati timu imeenda ugenini Kampala. Wale wakubwa wa upande wa Kampala, Vipers, KCCA na Villa, kila ukiwasha dikoda wako pale. Nani anakaa anagawa hizi mechi na anatumia kipimo gani? Ama ni kwa sababu sisi tuko mbali?
Fenzi wa siku nyingi, Arua

JIBU: Jambo sana ndugu yangu. Hilo la mwisho umelirusha kama utani lakini ndo nusu ya jibu lenyewe.

Siku moja nilifika Wankulukuku, uwanja wetu wa Express hapa Kampala, mapema sana, geti halijafunguliwa, nikakaa kivulini nikawatazama vijana wa kamera wakifunga vitu vyao. Gari la matangazo limeegeshwa nyuma ya jukwaa, jenereta inanguruma, kijana mmoja yuko juu ya ngazi za mabomba anafunga kamera kubwa kwa kamba, mwingine anatandika magunia juu ya nyaya ili watu wasijikwae, wa tatu kazi yake yote ni kushika mwavuli juu ya kamera isipate jua, nikamhurumia kwa sababu yeye mwenyewe jua lilikuwa linampiga kichwani. Masaa matano ya kazi kwa dakika 90 za mpira. Na hiyo ni Wankulukuku, ukimaliza unapanda boda unalala kwako. Sasa chukua watu haohao, gari hilohilo, uwapeleke Arua, karibu kilomita 500, unapita Karuma, unapita Pakwach, uwalipie mafuta, kulala na kula, na wakiwa huko juu hawawezi kufanya mechi nyingine kesho yake. Wakibaki Kampala wanapiga Lugogo leo, kesho Kitende, keshokutwa Wankulukuku. Mwenye gari akifanya hesabu yake usiku, Arua inaanguka ya kwanza, hata kama hana ubaya na mtu wa Arua.

Alafu kuna taa. Kitende wana taa, mechi inaweza kuwekwa saa moja usiku watu wametoka kazini. Uwanja usio na taa lazima uanze saa 10 jioni jua likiwepo, na kama ni Jumamosi unajua mwenyewe kilichopo saa 10, ile mechi ya mapema ya Uingereza iko katikati na zile nyingine zinakaribia kuanza, nani atabaki na wewe? Ndo maana mechi nyingi za kwetu zinasukumwa Ijumaa ama katikati ya wiki. Fenzi anaona ratiba imevurugwa, mwenye tivii anaona amekwepa Arsenal.

La tatu ni watu. Villa ilikaa miaka 20 bila taji, kutoka 2004 mpaka 2024, na katika miaka yote hiyo mikavu watu hawakuacha kuifuatilia, hata sisi tuliokuwa tunaicheka tulikuwa tunaitazama, na kumcheka mtu kwa tivii bado ni kumtazama. Mwenye chaneli anajua hilo, anaweka Villa.

Sasa mimi nakwambia, kuonyeshwa mara chache siyo kidonda chenyewe. Kidonda ni kile kinachofuata. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo mjini kwenu ukimfuata aweke bango lake pembeni ya uwanja, swali lake la kwanza ni moja tu, mtaonyeshwa mara ngapi? Ukimjibu mara mbili kwa msimu anakupa soda mnaagana vizuri. Bila huyo hamna pesa ya kumzuia straika wenu mzuri asichukuliwe na timu ya Kampala, anachukuliwa Januari, mnashuka kwa msimamo, na ukishashuka kwa msimamo gari la matangazo halina sababu ya kuja tena. Inazunguka hivyo hivyo.

Wenzetu waliliona hili na kila mtu akatafuta dawa yake. Uingereza, tangu Premier League ianze 1992, pesa ya tivii ya nyumbani wanaigawa hivi, nusu ni sawa kwa sawa kwa timu zote, robo inafuata nafasi uliyomaliza, na robo inafuata umeonyeshwa laivu mara ngapi. Hiyo robo ya mwisho siyo mchezo. Msimu wa 2018/19 Man City walichukua kombe, Liverpool wakawa wa pili, lakini kwa pesa ya ligi Liverpool walipata pauni milioni 152 na kitu, bingwa akapata 150 na kitu, kisa Liverpool walionyeshwa mara 29 na City mara 26! Mshindi wa pili akamzidi bingwa kwa sababu ya kamera. Ila sasa angalia wa mwisho, Huddersfield, ambao hakuna mtu alikuwa anawatafuta hata kwao, walitoka na zaidi ya milioni 96. Kwa nini? Kwa sababu ile nusu ya sawa kwa sawa iliwashika, pamoja na pesa ya tivii za nje iliyogawanywa sawa pia, na kwa miaka mingi kulikuwa na kanuni kwamba kila timu inalipwa mechi zisizopungua 10 hata kama haikuonyeshwa mara 10. Hicho ndo kitu nakitafuta kwetu, sakafu. Kamera iende inakotaka lakini mtu asianguke chini ya hapo.

Spain walikuwa hawana. Mpaka 2015 kila klabu ilikuwa inauza mechi zake yenyewe, Real Madrid na Barcelona wanajaza gunia, wale wadogo wanaokota mahindi yaliyomwagika, ikabidi serikali itoe amri mwaka huo kwamba sasa tunauza pamoja, na nusu ya pesa ya ligi kuu inagawanywa sawa.

Utaniambia hao wana pesa ya kugawa. Ni kweli, na hapa nikae kidogo. Mwaka 2018 StarTimes, wale wenye dikoda, ilisaini miaka 10 kwa ligi kuu yetu na ile ya chini yake, dola milioni 7.24 zote kwa pamoja. Uingereza mkataba wao wa nyumbani ulioanza 2025 ni pauni bilioni 6.7 kwa miaka 4, mechi kama 267 kwa msimu. Chukua kalamu ugawe kienyeji tu, unapata zaidi ya pauni milioni 6 kwa mechi moja, kwa dola ni kama milioni 8. Yaani mechi moja, labda Bournemouth na Fulham Jumapili mchana, inalipa mkataba wetu wote wa miaka 10 na chenji inabaki. Nilipiga hiyo hesabu mara tatu nikidhani nimekosea sifuri.

Ila kidogo ndo kinahitaji kanuni zaidi, mwenye ng'ombe mia hapigi kelele kwa kikombe cha maziwa. Kwa hiyo mkikaa kwa kikao cha fenzi hapo Arua msipoteze jioni kwa kuuliza mbona Villa inaonyeshwa sana, ulizeni timu ya mkoa ikipanda inahakikishiwa mechi ngapi za nyumbani laivu kwa msimu, na imeandikwa kwa karatasi gani. Nimesema za nyumbani. Za ugenini mnaonekana nyinyi lakini bango ni la mwenzenu.

SWALI: Afande mwenzangu ameniambia Marekani timu zote za mpira zinaonyeshwa sawa, hakuna mkubwa wala mdogo. Ni kweli ama ananidanganya?
Msomaji, Bombo

JIBU: Amekupa nusu. Kuanzia 2023 ligi yao, MLS, iliingia na Apple mkataba wa miaka 10 wa dola bilioni 2.5, mechi zote zinaonyeshwa, kila timu, popote ulipo, ilimradi una intaneti na umelipia. Kabla ya hapo ESPN, FOX na Univision walikuwa wanachagua mechi chache za kuonyesha nchi nzima, na timu za miji midogo zilibaki kwa stesheni ya mtaani kwao, ni sawa na Arua tu. Sasa mechi zote zipo, sawa, lakini Messi alipofika Inter Miami Julai 2023 unadhani watu walikuwa wanafungua mechi ya nani? Kuonyeshwa na kutazamwa ni vitu viwili. Mwambie afande wako akulipe nusu ya dau.

SWALI: Mzee, habari za kazi. Mimi ni mama wa kibanda cha mpira hapa Busia, nina skrini mbili. Jumamosi jioni mechi ziko tano kwa mpigo, wa Arsenal wanataka yao, wa Man U yao, wa Chelsea wanatishia kwenda kwa jirani, na kuna mzee mmoja fundi cherehani ni wa Everton, yeye peke yake, analipa 1,000 yake kama wengine na tangu msimu uanze hajaiona timu yake hata mara moja. Nifanyeje?
Mama Kibanda, Busia

JIBU: Dada yangu, umenifurahisha, kwa sababu unachokifanya hapo na kipande cha chaki ndo kazi ileile ya wale wakubwa niliowasema juu. Tena wewe umepewa mzigo kuliko wao. SuperSport wana mechi zote 380 za Uingereza, kwa hiyo ugawaji wa mwisho unafanyika kwa ubao wako. Na ujue mteja wako wa Busia ana raha ambayo mtu wa Liverpool mwenyewe hana. Kule Uingereza Jumamosi kuanzia saa 8:45 mchana mpaka 11:15 kwa saa zao hakuna mpira laivu kwa tivii, ni marufuku ya tangu miaka ya 1960, mwenyekiti wa Burnley aliyeitwa Bob Lord ndo alishupaa kwamba watu wakitazama nyumbani viwanja vidogo vitakufa. Kwa hiyo saa 12 jioni ya kwako, ama saa 11 wakibadilisha saa zao, fenzi wa kule anasikiliza redio na wako anatazama.

Nifanyeje, umeuliza. Skrini kubwa wape wengi, hapo usijisumbue, hao ndo wanalipa umeme. Skrini ndogo ifanye ya zamu, na zamu uiandike Jumatatu siyo Jumamosi, watu wakikuta imeshaandikwa hawagombani na wewe wanagombana na ubao. Chelsea wakitishia kwenda kwa jirani waache waende, mimi nimewaona wa Chelsea, wanarudi kabla ya mapumziko.

Na yule fundi. Msimu una mechi 38. Mpe tatu. Chagua zile ambazo Everton inacheza peke yake, Jumatatu usiku au Jumapili mchana ambapo kibanda kiko nusu, haikugharimu kitu, na umwambie tarehe mapema aje na mtu. Za kwanza mbili hatakuja na mtu. Ya tatu nitumie barua uniambie.