Alisema Hakuniona, Nami Namwamini

Saitimira ya gari ilinipiga kiwiko cha kulia saa moja kasoro asubuhi, Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, nikiwa nimeshatoka Mabibo naelekea Buguruni. Sikusikia honi wala breki. Nilichokuja kukijua ni kwamba nimelala mtaroni, baiskeli imenilalia miguuni na gurudumu la mbele bado linazunguka. Dereva alisimama mbele kidogo akarudi mbio. Mtu mzima wa rika langu, shati la ofisini, simu mkononi, kioo chake bado kinawaka.

"Kaka nisamehe. Wallahi sikukuona."

Siku hiyo nilivaa kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa. Kulikuwa kumeshapambazuka, hakuna mvua wala vumbi, na mbele yake nilikuwepo mimi peke yangu. Nilivunjika mtulinga, na kwa wiki sita sikushika randa. Mimi ni seremala, karakana yetu iko Keko, na fundi wa mkono mmoja hana anachoingiza nyumbani. Katika wiki hizo sita nilipata muda mrefu wa kuyawaza maneno ya yule bwana, na nikaishia kumwamini. Kweli hakuniona. Macho yake yalikuwa kwenye ujumbe wa simu, na kizibao hakina msaada kwa mtu asiyetazama barabara.

Pigeni hesabu pamoja nami. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa sehemu za makazi, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kusoma "uko wapi?" na kutafuta kidole kilipo ili ujibu ni sekunde tatu. Hapo gari limeshakwenda mita arobaini na kitu, karibu umbali wa kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine, bila mtu wa kulitazamia njia. Na ndani ya mita hizo arobaini ndimo tulimo sisi wa baiskeli, mama mwenye ndoo ya samaki, na mtoto anayekwenda shule.

Nimeendesha baiskeli Dar es Salaam miaka kumi na moja. Kabla ya ajali niliendesha nikiamini kwamba nikishika upande wangu, wengine watashika wao. Sasa naendesha nikijua kuwa dereva aliye nyuma yangu hanioni mpaka mwenyewe anionyeshe kwamba ameniona. Kwa mwenye baiskeli anayeanza, hili ndilo la kwanza ningemwambia, hata kabla ya kumwambia anunue kofia ngumu.

Atakuonyeshaje? Gari hujisema lenyewe. Dereva aliyekuona hupunguza mwendo kidogo au husogea kulia kabla hajakufikia. Ukisikia injini inakuja nyuma kwa mlio uleule, haishuki wala haipandi, geuza shingo utazame. Kugeuka kwenyewe kunasaidia: uso wa mtu humshtua dereva kuliko mgongo. Gari linaloyumba taratibu ndani ya mstari wake, au linalochelewa kuondoka taa ikiwa imeshawaka kijani, nimezoea kulihesabu kuwa lina mtu wa simu. Huyo mwache apite. Hata ukisimama dakika nzima pembeni hujapoteza kitu.

Wengi wetu tunajibana mwisho kabisa wa lami tukidhani ndiko kwenye usalama. Mimi nimeacha. Kule mwisho kuna mchanga, kuna mifuniko ya mitaro iliyoibwa, na lami imemeguka. Ukikwepa shimo unamwingilia ghafla aliye nyuma. Tena ukijibana sana dereva mzembe anaona nafasi ya kupenya ilhali haipo. Acha kama hatua moja kutoka ukingoni na uende umenyooka. Ukiona shimo mbele, tazama nyuma mapema, nyoosha mkono, ndipo usogee.

Malori nitayasemea zaidi, kwa sababu Mandela ni barabara ya makontena. Yanatoka bandarini, yanapita Buguruni na Tabata hadi Ubungo, kisha yanashika Barabara ya Morogoro kwenda Zambia na Kongo. Dereva wa semitrela amekaa juu, upande wa kulia. Chini yake upande wa kushoto, pale hasa tunapopenda kupenya kwenye foleni, kuna sehemu kubwa asiyoiona kabisa. Na lori refu likipinda kushoto, kichwa hutangulia mbele kwanza kama linalotaka kunyooka, halafu tela linakuja kukata kona kwa ndani. Aliyedhani ameachiwa nafasi anajikuta katikati ya ukingo na magurudumu.

Nililiona hili kwa macho yangu pale makutano ya TAZARA, chini ya daraja. Kijana wa mikate, kreti imefungwa kwenye keria, alijipenyeza kushoto kwa lori lililosimama kwenye taa. Kichwa cha lori kikaanza kwenda, kijana naye akaanza kukanyaga pedeli. Nilimdaka kwa keria nikamvuta. Mikate ikamwagika, akanitukana tusi zito, kisha tela likapita pale alipokuwa na matairi yake ya nyuma yakapanda ukingo. Akanyamaza. Tuliokota mikate pamoja, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilimwambia kitu kimoja tu, nami nakirudia hapa: kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Kaa nyuma ya lori, usikae ubavuni.

Daladala ina lugha yake. Usingoje indiketa, msikilize konda. Akiuliza "Relini wapo?" na abiria wakajibu "shusha", ujue gari litakatiza mbele yako kuingia kituoni sasa hivi. Likishasimama, usipite kushoto kwake, maana mlango uko huko na anayeshuka hatazami baiskeli, anatazama anapokanyaga. Ngoja, au pita kulia ukiwa umeshahakikisha nyuma.

Usiku sitaongea sana: taa nyekundu nyuma, nyeupe mbele, na kipande cha utepe unaong'aa kwenye vifundo vya miguu. Mguu unaopanda na kushuka humwambia dereva kuwa huyu ni mtu.

Najua kuna atakayesema tupite njia zetu. Barabara ya Morogoro, tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, tuna njia pembeni, nami nikienda Kimara naitumia nikishukuru. Lakini bodaboda wanaikimbilia foleni ikikaza, na barabara nyingi za jiji hili hazina njia hiyo. Lami ni ya wote, na sisi hatuna bati la kutukinga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu na watu wa magurudumu mawili na matatu.

Dereva unayesoma haya, nakuomba kwa heshima zote. Weka simu kwenye mkoba, mkoba uweke kiti cha nyuma. Ukiegesha, fungua mlango kwa mkono wa kushoto, kama Waholanzi wanavyofanya kwa mkono ulio mbali na mlango. Mwili utageuka wenyewe na utaona anayekuja nyuma. Haigharimu hata shilingi.

Yule bwana alilipa matibabu yangu bila kusukumwa. Wiki ya pili akanipigia kunijulia hali. Nilisikia honi na injini nyuma ya sauti yake, nikamuuliza, "Kaka, unaendesha?" Akanyamaza kidogo, akakubali. Nikamwambia akate, tutaongea akifika. Alikata. Baada ya nusu saa akapiga tena, na safari hii nyuma yake nilisikia watoto wakibishana kuhusu chakula.